Makoti Kwenye Ua wa Kibirichia

Nyinyi mnaoanza kazi ya kupima moyo siku hizi mna raha, na sisemi hivyo kwa wivu. Labda kidogo tu. Mnabandika vibandiko vinavyonata vyenyewe, mnabonyeza kitufe, na mashine inawaambia kwa adabu zake zote kwamba mchoro ni safi au hausomeki, rudia. Juzi mjukuu wa dada yangu, anayesomea kazi hii hii, alikuja kunitembelea akanionyesha kwenye simu yake jinsi mambo yanavyokwenda. "Shosho, hii inajijua yenyewe," akaniambia. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia.

Hakuna mashine inayojijua. Kila moja ilifunzwa na mtu, na mtu huyo siku ile huenda alikuwa na njaa, au baridi, au haraka ya kuwahi gari la mwisho. Ninajua kwa sababu mimi Kagwiria, mnayeniona hapa na magoti yangu yanayouma mvua ikikaribia, ni mmoja wa walioifunza mojawapo ya zile za kwanza kufika huku kwetu, miaka ya tisini. Tuliifunza kwa bidii na kwa nia njema. Nayo ikatii kila tulichoifunza, na utii huo ukakaribia kutupotezea Mama Nkatha wa Kibirichia.

Lakini nikianza na Mama Nkatha mtakuwa hamjui lolote kuhusu kazi yenyewe, kwa hivyo ngojeni.

Aliyenifundisha ni Mzee Njeru, mtu wa Kibugu kule Embu, aliyelelewa kwenye majani chai akaishia kupima mioyo katika hospitali moja ya Meru. Mashine zetu zilikuwa na vibanio vya chuma vya mikono na miguu, na vikombe vya mpira vya kunyonya kifua. Ukivitoa vikombe hivyo, mgonjwa alibaki na alama nyekundu za mviringo, na wanaume wengine walituomba tuwaandikie barua ya kuwaeleza wake zao zimetoka wapi. Njeru hakuwahi kumwekea mtu chuma baridi. Alikifumbata kwanza kwenye viganja kama mtu anayeficha yai. "Ukimshtua mgonjwa," aliniambia, "utapima mshtuko. Ugonjwa utabaki umekaa hapo unakuangalia."

Alikuwa pia na tabia ya kusalimia kwa muda mrefu. Alimshika mgonjwa mkono, akamuuliza habari ya ng'ombe, ya mvua, ya watoto, na mkono bado anao. Bwana mmoja wa Timau, mkono wa mkewe ukiwa umeshikwa hivyo, alimuuliza mbele ya watu wote kama anapanga kumwoa mama huyo. Kumbe Njeru alikuwa anahesabu mapigo ya moyo kimya kimya, na anapima kama mkono una baridi. Mtu akijua unamhesabu, moyo wake huanza kujionyesha. Mkitoka hapa na jambo moja tu, chukueni hilo la kusalimia.

Mambo yanayochafua mchoro wa moyo ni mengi kuliko magonjwa. Mgonjwa akikohoa, mstari unaruka. Akiwa amejipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mwili mzima, kama mama zetu walivyozoea kwa sababu ya upepo, kikombe kinateleza na mstari unapanda na kushuka kama barabara ya Chogoria. Akiwa ametafuna miraa asubuhi, utapata farasi wa mashindano. Na kule Timau zahanati ilipakana na kinu cha posho, cha kusaga mahindi, chenye mota kubwa. Mota ikiwaka, kila mchoro ulitoka na meno madogo madogo kama kitana. Nilienda kumwomba mwenye kinu azime kidogo tupime watu. Akakataa. Nikamweleza, akakataa tena. Mwishoni akasema, "Nitazima, lakini mnipime mimi kwanza." Tukampima. Kuanzia siku hiyo, akiona gari letu anazima mwenyewe, na wateja wake wakinung'unika anawaambia, "Ngojeni. Kuna mioyo inasomwa."

Sasa tuje kwenye dawa.

Ilikuwa dawa mpya ya presha, kidonge cha rangi ya bluu, na hospitali yetu ilikubali kushiriki katika majaribio yake. Watu wazima wenye presha, waliokubali wenyewe baada ya kuelezwa, walikuwa wakiimeza na kufuatiliwa katika zahanati tatu: Timau, Kibirichia, na Kibugu. Presha ilishuka vizuri. Lakini dawa za ukoo ule zilijulikana kwamba mara nyingine huvuruga mpigo wa moyo, kwa hivyo kila mgonjwa alichorwa moyo kabla ya kuanza na kila tuliporudi. Mimi na Njeru tulichora. Daktari Wawira, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha wadi nzima, ndiye aliyesoma.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama. Michoro ilirundikana mezani kwake mpaka tukawa tunamwona nywele tu. Waliofadhili majaribio wakasema wana njia ya kisasa: kompyuta itafundishwa kutofautisha mchoro safi na mchoro mchafu, ili Daktari asome iliyo safi tu. Wakamwajiri Mutegi.

Mutegi alikuwa kijana wa Chuka, mrefu, mcheshi, aliyesomea kompyuta wakati wengi wetu tulidhani kompyuta ni aina ya televisheni. Chumba chake ndicho pekee hospitalini kilichokuwa na zulia. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa, na mlangoni palikuwa na kibao: VUA VIATU. Madaktari walivua. Mkurugenzi alivua, na soksi yake ilikuwa na tundu la kidole gumba, sote tukaliona. Vumbi litaua kompyuta, tuliambiwa, nasi tukaingia kwa kunyata kama tunaingia patakatifu. Kumbukeni viatu hivyo, nitavirudia.

Kuifunza kulikuwa hivi. Mashine yetu mpya ilichora kwenye karatasi na wakati huohuo ikahifadhi mawimbi kwenye disketi. Mutegi aliweka disketi kwenye kompyuta, mimi na Njeru tukaketi bila viatu na rundo la karatasi zilezile, tukaangalia moja baada ya nyingine na kutamka: nzuri, mbaya, nzuri, nzuri, mbaya. Yeye anabonyeza. Hakuiambia kompyuta sababu yoyote. Aliipa mifano tu, nayo ikatafuta yenyewe nzuri zinafanana wapi na mbaya zinafanana wapi. Tukaibatiza jina, Mwanafunzi.

"Hii je?" Mutegi aliuliza.

"Mbaya," nikasema. "Inatetemeka."

"Na hii?"

"Hiyo pia inatetemeka. Mbaya."

Njeru alikuwa ameshika karatasi moja muda mrefu, anaigeuza. "Hii sijui," akasema. "Niiweke wapi?"

"Mzee, kompyuta haina sijui. Ni nzuri ama ni mbaya."

"Haya basi, weka kwa mbaya. Afadhali kutupa chafu kuliko kumchosha Daktari."

Sote tukaona ni busara. Daktari mwenyewe alipopita mlangoni, viatu mkononi, alisema hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa mjinga mle ndani, na ndiyo maana nawaambia kisa hiki, kwa sababu kosa la wajinga halina mafunzo.

Mwanafunzi alifuzu. Alikuwa mwepesi kuliko sisi, hachoki, haombi ruhusa ya mazishi. Michoro ya Kibugu aliipenda. Ya Timau aliichagua chagua. Ya Kibirichia aliitupa karibu yote.

Huko Kibirichia ndiko alikokuwa Mama Nkatha. Alikuwa mkulima wa viazi, mjane, mnene wa mikono na mwepesi wa mdomo, na kila siku ya zahanati alikuwa amevaa gauni lake la kanisani lenye ukosi mweupe. Alikuwa amesikia kwamba kompyuta ya Meru inasahihisha mioyo, akaamua ni mtihani. Kila tuliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile:

"Sasa? Nilipita?"

"Ulianguka tena, Mama Nkatha."

"Ai! Hata mara hii? Basi nitasoma bidii."

Na foleni nzima inacheka. Nami nilicheka. Nilimpenda mama yule kuanzia siku ya kwanza, na hilo ndilo linalonichoma hata leo nikikumbuka kicheko changu. Siku moja, akishuka kitandani, alisema kama mtu anayesimulia habari ya jirani: "Siku hizi nikibeba gunia napumzika hapo kwa mlima, na zamani sikuwa napumzika. Ni uzee tu." Nikamjibu kwamba mchoro wa leo ukitoka vizuri Daktari atauona. Haukutoka vizuri. Mwanafunzi akautupa, na Daktari hakuuona.

Ripoti ya kwanza ya majaribio ilipoandikwa, ilikuwa tamu. Presha chini, mioyo shwari. Kidonge cha bluu kilionekana malaika. Jambo moja tu liliwaudhi wafadhili: Kibirichia. Wakaandika kwamba zahanati ile inaharibu ubora wa kazi yote, na itolewe kwenye majaribio. Wagonjwa wangeendelea kupewa vidonge vyao na muuguzi wa pale, lakini sisi na mashine yetu tusirudi tena.

Daktari Wawira aliisoma barua hiyo mara mbili. "Watu wa Kibirichia wana mioyo kama watu wengine," akasema. "Kabla niwafukuze nataka kujua wamekosa nini. Kagwiria, Njeru, rudini huko. Na Mutegi aende nanyi, si mwanafunzi ni wake?"

Mutegi hakuwa amewahi kufika Kibirichia. Alikuja na shati la mikono mifupi na kompyuta ya kubeba, nzito kama jiwe la kusagia, ameifunika vizuri kuliko alivyojifunika mwenyewe. Asubuhi ya Julai pale juu ukungu huwa umelala kwenye mashamba ya viazi hata hauoni mtu mpaka akusalimie. Alishuka kwenye gari meno yakigongana. Njeru alimshika mkono kumsaidia, akaushikilia, kama kawaida yake, kisha akanitazama.

"Mlaze huyu," akaniambia.

"Nani? Mimi?" Mutegi akashangaa. "Mimi siko mgonjwa."

"Ndiyo maana."

Tukamlaza, tukamchora, tukaweka disketi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mwanafunzi akafikiri kidogo, kisha akaandika kwenye kioo: MBAYA. Niliwahi kuona mtu akikanwa na mtoto wake mbele za watu, lakini si kwa namna ile. Njeru alicheka hadi akakaa chini.

"Ni baridi," Mutegi akasema, akijikunyata. "Misuli ndiyo inatetemeka, na hii inaona kama ni uchafu. Lakini hawa watu wa huku wamezoea baridi. Kwa nini watetemeke?"

Lilikuwa swali zuri, na sisi tuliokuja pale mara nyingi hatukuwa tumewahi kuliuliza. Yeye akatoka nje kuzunguka nyuma ya zahanati, mahali wanaume huenda wanapotaka kuzunguka nyuma ya zahanati. Aliporudi alikuwa amevaa koti kubwa la kahawia, limepauka, lina udongo hadi kwenye mifuko na kitufe kimoja tu. Usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyeokolewa.

"Huko nyuma kuna makoti yametundikwa kwa seng'enge, mengi tu! Na gambuti za mpira zimepangwa chini. Nimeazima moja."

Nyuma yake alikuja Mama Nkatha, amevaa gauni lake la ukosi mweupe, mikono imejikumbatia, midomo imebadilika rangi.

"Wewe kijana! Hiyo koti ni yangu!"

"Pole, mama. Nilidhani haina mwenyewe."

"Haina mwenyewe! Kwani koti inazaliwa kwa seng'enge?"

Tukatoka wote kwenda kuona. Ua wote wa nyuma ulikuwa umejaa makoti: ya shambani, ya kukama, sweta za mitumba zilizofumuka viwiko, majaketi yaliyonuka moshi na mbuzi. Foleni yote iliyokuwa mbele ya zahanati ilikuwa imevaa nguo za Jumapili, nyepesi na safi, na inatetemeka kwa heshima.

"Mnayavua kwa nini?" nikamuuliza.

Mama Nkatha aliniangalia kama nimeuliza kwa nini watu huoga. "Sasa nitaingia mbele ya daktari na koti ya viazi? Na kompyuta inaniangalia? Hiyo ni madharau. Hapa tunaoga saa kumi na moja, tunavaa nguo ya kanisa, tukifika tunaacha koti huko nyuma. Tukimaliza tunavaa, tunaenda shamba. Ni heshima."

Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walikuwa wameoga kwa maji baridi alfajiri, wakatembea kwenye ukungu, kisha wakavua kitu pekee chenye joto ili wasitutie aibu. Kule Kibugu wachuma chai walipitia zahanati wakitoka kituo cha kupimia majani, na sweta zao na mifuko yao ya plastiki kiunoni, miili ikitoka jasho. Michoro yao ilikuwa safi kwa sababu hiyo na si nyingine.

Mutegi alianza kuwacheka, kisha akaitazama miguu yake. "Na sisi huvua viatu," akasema polepole.

Basi ikawa sherehe. Muuguzi wa pale akawasha majiko mawili ya makaa. Sufuria kubwa ya uji ikatoka nyumba ya jirani. Njeru akapita kwenye foleni akitangaza kwamba kuanzia leo asiye na koti hapimwi, na watu wakaenda uani wakicheka, wengine wakivaa makoti ya wenzao kwa utani. Walipopata joto nikaanza kuchora. Mstari wa kwanza ulitoka laini kama uzi wa kufumia. Wa pili pia. Mutegi alikuwa upande wa pili wa pazia na kompyuta yake, akipaza sauti kila disketi ilipoingia: "Nzuri! Nzuri! Nzuri tena!" Na kila akisema, foleni inapiga makofi.

Mama Nkatha akalala kitandani, koti lake limefunguliwa kifuani tu. Alikuwa amekunywa uji vikombe viwili, na mikono yake ilikuwa moto kuliko yangu.

"Leo napita," akasema. "Leo sina sababu ya kuanguka."

Mashine ikachora. Mstari ukatoka unatetemeka.

Nikabonyeza vikombe. Nikamwambia asiongee, asicheke, apumue taratibu. Nikachora tena. Ukatoka vilevile, mtetemo mdogo mdogo kati ya pigo na pigo.

"Mbaya," Mutegi akasema nyuma ya pazia. Mara hii hakupaza sauti. Kisha: "Kagwiria, ana baridi?"

"Hana."

"Ana mafuta?"

"Nimempangusa."

Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo. "Basi uchafu wote tumeutoa. Hiki kilichobaki ni nini?"

Njeru alikuwa ameshaingia; siku nyingine foleni ya pale ilimfanya asalimie haraka haraka. Akamshika mama mkono, akaanza salamu zake: viazi vimeshikaje, ng'ombe amezaa? Mama akajibu kwa furaha. Nilikuwa nauangalia uso wa Njeru, na nikaona katikati ya habari za ng'ombe ule uso ukizima. Akaniachia mkono huo niushike. Pigo, pigo, kimya kirefu, pigo-pigo-pigo, kimya. Kama mtu anayebisha mlango asiyejua anataka kuingia au kuondoka. Moyo wenyewe ndio uliokuwa unatetemeka.

Niliogopa, sitawaficha. Niliogopa kwa ajili yake, kwa sababu moyo wa namna ile unaweza kutupa donge la damu kwenye ubongo siku yoyote, akiwa shambani, akiwa na gunia mgongoni. Kisha nikaogopa mara ya pili, kwa sababu nilielewa. Kompyuta tuliyoifunza kutupa kila kinachotetemeka ilikuwa imetupa pia kila moyo uliotetemeka. Kama kidonge cha bluu kilivuruga mioyo, basi mioyo iliyovurugwa ndiyo hasa Daktari asingeiona kamwe. Ndiyo maana ripoti ilikuwa tamu vile. Dawa ingeonekana salama hadi mtu wa mwisho aanguke.

"Nimeanguka tena?" Mama Nkatha akauliza, akituangalia mmoja mmoja.

"Mama," nikamwambia, "hiyo dawa ya bluu usimeze tena. Na leo tunaenda na wewe Meru."

"Na viazi?"

"Viazi vitangoja."

"Na hii koti?"

"Koti njoo nayo."

Aliingia kwenye gari akiwa amelivaa. Njiani hakufanya mzaha hata mmoja. Tulipokaribia Meru akaniambia kwa sauti ndogo, "Kagwiria, nina watoto wanasoma." Nikamshika mkono, na safari hii sikuwa nahesabu chochote.

Daktari Wawira alitungoja mlangoni. Alisikiliza kifua, akaangalia mchoro, akatoa amri ambazo nadhani zilisikika hadi sokoni. Akamlaza wadini, akampa dawa za kutuliza mpigo na za kuzuia damu kuganda. Kisha akaenda chumba cha kompyuta na viatu vyake miguuni, akakanyaga zulia, akamwambia Mutegi, "Nipe mbaya zote. Zote, za kila mahali."

Tulizisoma pamoja kwa siku nyingi, sisi wanne, karatasi zimetandazwa sakafuni. Nyingi zilikuwa baridi tu, au mafuta, au kinu cha posho. Lakini katikati ya takataka hizo kulikuwa na mioyo, ya Timau, ya Kibirichia, hata ya Kibugu, michache lakini ya kweli, iliyoanza kuyumba baada ya kidonge. Wenye mioyo hiyo wote wakaitwa, wote wakapatikana hai, na nasema hivyo kwa shukrani kwa sababu si lazima ingekuwa hivyo. Ripoti ikaandikwa upya, nayo haikuwa tamu. Wafadhili walikasirika kidogo, wakaisoma tena, wakaisimamisha dawa. Mutegi naye akamrudisha Mwanafunzi darasani. Mara hii tulimpa makapu matatu badala ya mawili. La tatu liliitwa SIJUI, MWITE MTU. Njeru alisimama mbele ya kioo akalisoma jina hilo kwa sauti, akatabasamu siku nzima. Na kibao cha VUA VIATU kikageuzwa, upande wa nyuma ukaandikwa: KARIBU.

Kwa hivyo, mashine yako ikikuambia mchoro ni mbaya, usiseme asante ukaendelea na mgonjwa mwingine. Muulize mgonjwa ametoka wapi, ametembea vipi, koti lake liko wapi. Toka nje uangalie ua. Ukishaondoa baridi na mafuta na kinu, na kitu bado kinatetemeka, kaa hapo hapo. Usitupe kitu kwa sababu tu kinakuchosha kukisoma.

Tulirudi Kibirichia mvua za Oktoba zilipoanza. Ua wa nyuma ulikuwa mtupu, matone tu yananing'inia kwenye seng'enge. Makoti yote yalikuwa ndani, yamevaliwa, yanatoa mvuke karibu na jiko. Mama Nkatha alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na mkononi alikuwa na koti jingine, la marehemu mumewe, limefuliwa na kukunjwa.

"Hii ni ya huyu kijana wa kompyuta," akasema. "Asirudi hapa akitetemeka. Atachanganya mwanafunzi wake."

Mutegi akalivaa. Lilikuwa fupi mikononi, na hakulivua hadi jioni.

Kisha mama akalala, nami nikamshika mkono na kumuuliza habari za viazi, kwa muda mrefu. Pigo, pigo, pigo, pigo. Nikaweka vikombe, nikachora, nikapitisha disketi chini ya pazia. Wale waliokuwa wanakunywa uji wakashusha vikombe.

"Nzuri," Mutegi akasema.

Machozi yakanitoka, sikujali nani anaona. "Umepita, Mama Nkatha," nikamwambia. "Umepita."

Yeye akaketi, akafunga kile kitufe chake kimoja, akanipangusa uso na mkono wa koti unaonuka udongo.

"Mimi nilikuwa naandika ukweli kila siku," akasema. "Ni mwalimu alikuwa anasahihisha vibaya."